Safari ya Kakamega, na Asubuhi Moja ya Chanjo



Mtu wa pwani akitajiwa Kakamega, aghalabu hukumbuka mambo matatu: mvua, kuku, na mafahali wanaopiganishwa mbele ya umati. Hayo yote yapo, wala hatukusafiri ili tuyakanushe. Mvua tuliikuta. Ilikuwa ikinyesha kila alasiri kwa utaratibu kama wa mtu aliyeajiriwa, na kanzu zetu nyeupe zilirudi na rangi ya udongo wa huko, udongo mwekundu usiotoka kwa kufuliwa mara moja. Kuku tulilishwa mpaka tukaona haya, pamoja na ugali na mboga za mrenda na sagaa. Ama mafahali, hatukuwaona wala hatukuwatafuta. Tuliyoyaona yaliyotufanya tushike kalamu ni mengine kabisa, nayo yanawahusu zaidi akina mama.

Tulikuwa wanne, wawili katika waalimu wa madrasa pamoja na wake zetu. Ndugu zetu wa Mumias walikuwa wametualika katika hafla ya watoto waliohitimu juzuu zao, na mwenyeji wetu anakaa Kakamega mjini. Tulipanda treni Mombasa hadi Nairobi, tukalala, kisha tukashika basi la magharibi. Jumla ya njia ni zaidi ya kilomita 800, na swala zetu tulizikusanya na kuzipunguza kama sharia inavyomruhusu msafiri. Ukishavuka Bonde la Ufa nchi hubadilika. Mashamba ya chai yanakuja, kisha migomba, kisha miwa, na nyumba zinasogeleana hata hujui kijiji kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliandika katika Kaunti ya Kakamega watu 1,867,579. Ukiwa barabarani asubuhi ya siku ya soko utaiamini hesabu hiyo bila ya kuuliza.

Kwa sisi wa pwani huko si ugenini. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu ilifika katika himaya ya Wawanga karne ya 19, na Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, aliwapokea. Walioachwa na misafara hiyo ndio walioacha misikiti, kofia na maulidi. Serikali ya kikoloni nayo ilikaa kwanza Mumias kabla ya kuhamishia makao yake Kakamega. Basi mzee wa Mumias anapokuambia kwamba babu yake alikuja na watu wa pwani, usidhani anakubembeleza. Anakudai udugu.

Siku ya pili ya kukaa kwetu, mkaza mwana wa mwenyeji wetu alikuwa na miadi ya kliniki. Mtoto wake, wa kike, alikuwa ametimiza miezi 6, na siku hiyo ndiyo ya sindano ya kwanza ya malaria. Wake zetu wakasema watamsindikiza. Nasi tukafuata nyuma, kwa kuwa hatukuwa na shughuli hadi adhuhuri, na pia kwa kuwa tulikuwa tumesikia habari za chanjo hii kwa miaka bila ya kuiona ikitolewa.

Zahanati yenyewe ni ndogo: vyumba vichache, baraza ya saruji, mti mmoja mkubwa wa kivuli. Tulifika saa mbili asubuhi tukakuta akina mama wasiopungua 30. Hapakuwa na msukumano. Kila aliyefika aliweka kijitabu chake cha mama na mtoto juu ya meza, chini ya vile vilivyotangulia, na mhudumu akaigeuza rundo ile yote ili wa kwanza aitwe kwanza. Jambo dogo, lakini tumewahi kusimama katika ofisi nyingi za mijini ambako hata hilo halijafikiwa. Sisi wanaume tulikaa chini ya mti pamoja na mwendesha bodaboda mmoja na babu mmoja aliyemleta mjukuu. Babu yule ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu kuliko wote.

Kabla ya sindano, muuguzi alisimama mbele ya baraza akazungumza kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiluhya. Hakuwakaripia. Aliwaeleza siku hiyo kuna chanjo gani, kila moja inazuia nini, mtoto anaweza kupata homa usiku na wafanye nini, na wakati gani warudi upesi. Mama mmoja akauliza: "Sista, kama huyu alikuwa na mafua juzi?" Akajibiwa kwa upole kwamba mafua madogo hayazuii chanjo. Mwingine akauliza kama akishachanjwa ataendelea kulala ndani ya neti. Hapo muuguzi akakaza sauti: neti haiondoki. Chanjo hii haizuii kila homa ya malaria. Inapunguza tu, na inapunguza zile kali zinazoua. Hiyo ni kweli iliyothibitishwa. Katika majaribio makubwa, watoto waliopata sindano zote 4 waliepushwa na takriban homa 4 katika kila 10 ndani ya miaka minne. Tulipenda kwamba hakuwaahidi zaidi ya hapo. Muuzaji wa dawa za barabarani angewaahidi kumi kwa kumi.

Kisha watoto wakapimwa uzito katika mzani wa kuning'inia, jambo ambalo hakuna mtoto hata mmoja aliyelifurahia, na vijitabu vikaandikwa.

Wake zetu walikuwa ndani, nao ndio waliotusimulia yaliyofuata. Chanjo ya malaria inakuja katika vichupa viwili, kimoja kina unga na kimoja maji yake, na vikichanganywa hutoa dozi za watoto wawili. Baada ya kuchanganywa haiwekwi hadi kesho. Ina saa 6 tu. Kwa hiyo muuguzi hutazama foleni na kuwaita wawili wawili. Mkaza mwana wa mwenyeji wetu, akiwa na baibui lake, aliitwa pamoja na mama wa Kiluhya wa umri wake, mwenye rozari shingoni. Watoto wao wakachanjwa kwa kichupa kimoja, wakalia pamoja, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Muuguzi akaandika tarehe ya kurudi katika vijitabu vyote viwili, na akina mama wale wakakubaliana kuja pamoja. Sindano iliyotumika ilijifunga yenyewe isiweze kuvuta tena, ikatumbukizwa katika sanduku la makaratasi magumu. Hapana sindano ya mtoto mmoja inayomgusa mtoto wa pili.

Mmoja katika wake zetu aliuliza muuguzi anajuaje kuwa dawa haijaharibika kwa joto, maana kwetu pwani tunajua joto hufanya nini. Akaonyeshwa alama ndogo iliyobandikwa juu ya kichupa cha chanjo: duara lenye mraba mweupe katikati. Joto likizidi, mraba unaanza kuingia giza. Ukifika rangi ya duara, kichupa hicho hakitumiki, hata kama tarehe yake haijapita. Tangu ghala kuu la taifa lililoko Kitengela, kupitia maghala ya kanda, hadi jokofu la zahanati, chanjo hizi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto la jokofu huandikwa asubuhi na jioni. Karatasi ya kuandikia ilikuwa ukutani. Mke wetu huyo ni mwanamke wa kuhakiki mambo. Aliisoma karatasi nzima akarudi ameridhika, na si rahisi kumridhisha.

Chanjo hii ya malaria ina nasaba na pwani yetu, na wengi hawalijui hilo. Iitwayo RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto wapatao 15,000. Kituo kimoja kilikuwa Kilifi. Vingine vya Kenya vilikuwa Siaya na Kombewa, na kwa upande wa Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Maana yake, watoto wa akina mama wa Kigiriama na wa Kiswahili wa Kilifi, na watoto wa Bagamoyo, ni katika waliotangulia kuinua mikono yao ili ijulikane kama dawa hii inafaa. Kisha Malawi, Ghana na Kenya zikaichukua mwaka 2019 kwa mpango wa majaribio ya utoaji; Kenya ilizindua tarehe 13 Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay. Kaunti zilizochaguliwa zilikuwa nane, zile zinazolizunguka ziwa na kupakana nazo, ambako malaria ni nzito kuliko kwingine: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika tarehe 6 Oktoba 2021, na Machi 2023 Kenya ikaipeleka katika wilaya ndogo za kaunti hizo ambazo hazikuanza nayo. Matokeo ya nchi tatu hizo yalipokusanywa, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13. Msomaji asipite haraka juu ya nambari hiyo. Nyuma yake kuna makaburi mafupi ambayo hayakuchimbwa.

Hata hivyo dawa peke yake haimleti mama zahanati. Hapa Kakamega ilitangulia hekima nyingine. Mwaka 2013 serikali ya kaunti, kwa msaada wa UNICEF, ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao watu waliupa jina la gavana wa wakati huo wakauita "Oparanya Care". Mama maskini alipewa shilingi 12,000 kwa mafungu sita ya 2,000, na kila fungu lilifungamana na hatua: kuhudhuria kliniki ya ujauzito, kujifungulia kituoni, kisha kurudi kwa chanjo za mtoto hadi miezi 18. Wapo waliosema kwamba ni kumlipa mtu kwa kumpenda mwanawe. Sisi hatuoni hivyo. Mwanamke asiye na nauli ya bodaboda hakukosa mapenzi, alikosa nauli. Katika zaka zetu na sadaka zetu hapa pwani, hilo ni fungu ambalo hatujalipa jina.

Tulirudi nyumbani kwa mwenyeji wetu na mazungumzo ya jioni yakaelekea pale tulipotarajia. Kijana mmoja wa jirani, mwenye adabu na shaka nyingi, akauliza: "Sheikh wetu, kumchoma mtoto mzima sindano ya ugonjwa ambao hana, si kukosa kutawakali?" Swali hilo tumelisikia Mombasa, tumelisikia Lamu, na halistahili kejeli. Tulimkumbusha kisa cha Sayyidna Umar (r.a.), aliyekuwa njiani kwenda Sham katika zama za tauni ya Amwas. Aliposikia kwamba ugonjwa umeshika nchi, aligeuza msafara. Abu Ubayda (r.a.) alipomhoji kuhusu kukimbia kadari, alimfafanulia kwa mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja la majani na moja kavu, popote atakapolisha ngamia wake yumo ndani ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Na ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tende saba za ajwa asubuhi, wanazuoni kadhaa wa zama zetu wameifanya hoja ya kujikinga kabla ya dhara kufika. Tena hakuna hujaji anayeingia Makka bila ya cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wala hatujasikia hujaji aliyesema kwamba cheti hicho kimepunguza tawakali yake.

Kijana akanyamaza, kisha akasema kwamba shida si dini, shida ni kwamba watu hawaamini nia ya wanaoleta. Hapo alikuwa amegusa penyewe. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya Kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi kwamba inawafanya wasichana wasizae. Kirusi kikasafiri kutoka huko hadi nchi nyingi ambazo zilikuwa zimeshajitakasa, kikafika hata Indonesia mwaka 2005. Waliolipa ni watoto wa Kiislamu kwa wingi wao. Baadaye Al-Azhar, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jedda, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu wakaunda kundi la ushauri wa kidini kwa ajili ya kutokomeza polio. Lilikuja kwa kuchelewa, lakini lilikuja.

Tukamsimulia pia habari za Ali Maow Maalin, kwa kuwa ni mtu wa mwambao wetu huu huu. Alikuwa mpishi katika hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 akashikwa na ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Alipona. Mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha, na mwaka huo huo Kenya ikaanzisha mpango wake wa taifa wa chanjo za watoto. Maalin alikuwa akifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa, kwa kuogopa maumivu. Katika umri wake wa baadaye alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza Wasomali wenzake hilo, ili wakubali matone ya polio. Alifariki Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo, polio ilipokuwa imerejea kwao. Kilichomuua ni malaria. Kijana yule hakuuliza tena usiku ule. Asubuhi tulimkuta akizungumza na mke wake mlangoni, na kijitabu kilikuwa mkononi mwa mke.

Hatutaki wasomaji wetu wadhani kwamba huko kila kitu kimenyooka. Mwaka 2025 nchi nzima, na si Kakamega pekee, ilipata uhaba wa chanjo ya kifua kikuu na ya matone ya polio, na akina mama wenye watoto wachanga walirudishwa. Mwaka huo huo Marekani ilitangaza kwamba haitaendelea kulichangia shirika la Gavi, ambalo hununua sehemu kubwa ya chanjo za nchi zetu, na Kenya yenyewe iko katika miaka ya mwisho ya kusaidiwa nalo. Bajeti italazimika kutoka kwetu. Mama aliyetembea kilomita sita akaambiwa "dawa hakuna" huenda asirudi kwa wito wa pili, na katika jambo hili hakuna mahubiri yanayoweza kuziba nafasi ya jokofu tupu.

Na kuna jambo la nyumbani kwetu. Chanjo ya wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi ilizinduliwa kitaifa Oktoba 2019, na mji uliochaguliwa kwa uzinduzi ulikuwa Mombasa. Mapokezi yake nchini hayakuwa ya kasi iliyotarajiwa, na uvumi uliotumika ni ule ule wa Nigeria, umebadilishwa kanga tu. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Tunawaomba akina mama waizungumze na binti zao na waume zao, na waalimu wa madrasa za wasichana wasiogope kuwaalika wauguzi waje kujibu maswali.

Siku ya Ijumaa tulikuwa Mumias. Baada ya swala, imamu alisimama akatangaza mambo matatu: harusi, deni la maji la msikiti, na tarehe za kliniki za mwezi ule. Akasisitiza sindano ya nne ya malaria. Watoto huchanjwa wakiwa na miezi 6, 7, 9, kisha 24, na hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu baada ya sindano ya surua ya miezi 18 mama hudhani amemaliza. Hakuna chanjo nyingine ya kumkumbusha wakati huo, na mtoto wa miaka miwili ameshaanza kukimbia, hakumbukwi tena kuwa wa kliniki.

Tulipotoka, bibi mmoja, kukhu kama wanavyomwita huko, alikuwa akimngoja imamu upande wa wanawake. Mjukuu wake alikuwa na miezi 22 na alitakiwa apelekwe kwa baba yake Mombasa mara shule zikifungwa. Je, huko pwani ataipata ile ya nne? Imamu akamwita mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke wa msikiti ule ule, mmoja katika wale zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba na simu nchini mwaka 2023. Akamwambia kwamba chanjo hii imewekwa kwa kaunti za kanda ya ziwa, kwa hiyo ni salama zaidi mtoto aipate hapa kwanza. Kukhu akahesabu kwa vidole, akatutazama sisi wageni wa Mombasa kana kwamba sisi ndio tuliomleta yule baba, akasema basi litangoja.